Gemu za Kupasua Watu: Mtoto Wako Si Muuaji, na Udaktari Pia Bado

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya wazazi hapa Mombasa, huenda na wewe umeshatumiwa. Mtoto wa kama miaka kumi amekaa kwenye kompyuta, kwenye skrini kuna mtu amelala kifua wazi, na kijana yuwachomoa mapafu anayarusha sakafuni huku yuwacheka mpaka machozi. Chini ya klipu maoni ni ya aina mbili tu. Kuna wa "audhubillah, hawa ndo watakaokuja kutuchinja", na kuna wa "mashallah, daktari wetu huyo, msimkatishe tamaa". Wakabishana mpaka usiku wa manane, admin akafunga grupu.

Mi nnaona pande zote mbili zimekosea, tena kwa sababu ileile moja: wote wamechukulia kwamba kinachofanyika kwenye ile skrini ni upasuaji. Sio. Na ukishaelewa kwa nini sio, hofu inapungua na ile ndoto ya daktari wa bure nayo inapungua.

Kwanza tuwekane sawa. Gemu ya upasuaji ni gemu yoyote ambayo kazi yako wewe mchezaji ni kumfungua mtu, au katuni ya mtu, urekebishe kitu ndani, upewe pointi. Imetengenezwa ufurahi, ikikuchosha waifuta. Simuleta ni kitu chengine, hiyo ni mashine au programu iliyotengenezwa ili mtu ajifunze kazi, kila unachofanya inakipima, utaikuta kwenye vyuo na hospitali za kufundishia, zile kubwa bei yake ni ya gari, na kusema kweli inaboa. Mkanganyiko wazidi manake gemu nyingi za kuchekesha zimejipachika jina la simuleta, basi mzazi akisoma jina anaamini mtoto yuko darasani.

Tuanze na ile rahisi kabisa ambayo hata simu haitaki. Operation ilitolewa Marekani mwaka 1965 na kampuni ya Milton Bradley. Ni ubao umechorwa mzee mmoja amelala, mwilini ana vishimo, kwenye vishimo kuna vikorokoro vya plastiki, wavitoa na kikoleo kilichofungwa waya. Ukigusa ukingo wa kishimo pua ya mzee yawaka taa nyekundu, mlio unapiga dzzzz, kila mtu anaruka. Aliyeibuni ni John Spinello, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha Illinois, akauza wazo lake kwa dola 500. Gemu ikauzwa mamilioni na mamilioni. Halafu mwaka 2014 mzee wa watu akahitaji upasuaji wa mdomo na pesa hana, ikabidi wapenzi wa gemu wamchangie mtandaoni. Sisi tunaokaa tukitumiwa namba za paybill za bili za hospitali kila Ijumaa, stori hiyo haitushangazi, inatuuma tu.

Nimeanza na Operation manake siri ya karibu gemu zote zilizofuata imo mle ndani: mkono usitetemeke, na ukikosea adhabu iwe ya kuchekesha. Hamna ugonjwa pale wala hamna mgonjwa, kuna mkono na kelele basi.

Zilipoingia kompyuta wengine walijaribu kuwa serious. Mwaka 1988 kuna gemu ilitoka inaitwa Life & Death, na mpaka leo naiheshimu kuliko hizi za saa hii, kwa sababu kabla hujashika kisu ilikulazimisha umchunguze mgonjwa kwanza, umbonyeze tumbo umsikilize analia wapi, uagize eksirei, halafu uamue mwenyewe huyu ni wa kupasuliwa au ni wa dawa au ni gesi tu tumboni aachwe apumzike. Ukimpasua mtu wa gesi umefeli, warudishwa darasani. Watu wengi waliiona ngumu na wana haki, lakini angalau ilijua kwamba kazi ya kwanza ya daktari wa upasuaji ni kujua nani asipasuliwe.

Kisha 2005 ikaja Trauma Center ya Nintendo DS, kile kimashine cha gemu cha kushika mkononi, kutoka kampuni ya Atlus ya Japani. Hii ni ya presha. Una kikalamu, wakata, washona, wavuta damu, saa inahesabu dakika kurudi nyuma, mapigo ya mgonjwa yanashuka, na ukizidiwa wachora nyota kwenye skrini muda unaenda polepole kama uchawi. Ugonjwa wenyewe ni wa kubuni, vidudu vinakimbia juu ya maini wavifukuza na leza. Ni tamu balaa. Ni ya kidaktari? Hapana, ni gemu ya vita imevaa gauni la thieta.

Na sasa yenyewe, ile ya kwenye klipu nyingi, Surgeon Simulator. Hii waliitengeneza vijana wa Bossa Studios kule London Januari 2013 kwenye shindano la kutengeneza gemu kwa masaa 48, watu wakaicheka mtandaoni mpaka miezi michache baadae wakaitoa kamili. Utani wake uko hivi: mkono wa daktari unauendesha kwa mausi, na kila kidole kina kitufe chake kwenye kibodi, A, W, E, R na ile ndefu ya spesi. Yani kuokota tu msumeno ni lazima ubane vidole vitano kwa mpangilio huku mkono wote unayumba, wajaribu kushika kisu waangusha saa ndani ya kifua cha mgonjwa, jina lake Bob, wavunja mbavu kwa nyundo, mapafu yanakuzuia wayatupa nje. Na hapa sikiliza vizuri. Moyo mpya ukishauchukua wautumbukiza mle kifuani, hata uzi mmoja hujashona, mshipa hata mmoja hujaunga, mapafu yako chini ya meza, na gemu inakwambia hongera umefaulu!

Ukiona hapo utaelewa kwa nini yule mtoto yuwacheka. Hacheki maumivu ya mtu. Anacheka mkono wake mwenyewe unavyomkataa. Ni kichekesho cha ubaya wa kuendesha, mwili wenyewe pale ungeweza kubadilishwa ukawekwa kabati la vyombo na kichekesho kikabaki palepale, ila hakingekuwa kitamu sana manake sote tuna uoga wa thieta na kucheka kitu unachokiogopa kuna raha yake.

Zile za bure za kwenye simu, unazoona watu wakizicheza pale wakisubiri feri ya Likoni, za kung'oa meno, kutoa nta masikioni, kumzalisha katuni mwenye mimba, sina mengi ya kuzisemea. Mshale unakuonyesha gusa hapa, wagusa, gusa pale, wagusa, mgonjwa anatabasamu, tangazo. Kidonda kinapona kwa sabuni ya rangi ya waridi. Hatari yake ntaieleza mbele na haihusiani na damu.

Haya, tuingie kwenye jambo lenyewe. Kama hizi sio upasuaji, upasuaji ni nini?

Gemu inakuonyesha kisu. Thieta yenyewe kisu ni sehemu ndogo. Chukua operesheni ya kawaida kabisa, kutoa kidole tumbo, ile apendiksi. Kabla mtu hajaguswa kuna aliyeamua kwamba ni apendiksi kweli na si ovari wala figo wala taifodi, kuna aliyechukua damu, kuna aliyepewa fomu akasaini mkono ukitetemeka, kuna daktari wa nusukaputi ambaye kwenye gemu huyu hayupo kabisa, wakati ndiye anayekaa kichwani pako muda wote akihesabu pumzi zako na oksijeni yako. Kuna sista anayepanga vyombo, kuna mwengine wa kuzunguka na kuleta vitu, kuna waliosafisha vyombo kwa mashine ya mvuke tangu asubuhi. Na operesheni ikiisha kazi haijaisha, kuna kuamka, kuna kidonda kuangaliwa kisiingie usaha, kuna siku ya kutoa nyuzi. Sasa gemu gani itakuuzia hayo? Nani atakaa kucheza levo ya kuhesabu vitambaa?

Na kuhesabu vitambaa si mzaha. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi moja, ya ukurasa mmoja tu, ina vitu 19 vya kuulizwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla hajatolewa thieta. Maswali ya kawaida tu, huyu ni nani jina lake, twampasua wapi, upande gani, kuna dawa inamdhuru, kila mtu humu ndani aseme jina lake na kazi yake, sindano na vitambaa vilivyoingia ni vingapi na vimetoka vingapi. Wakaijaribu kwenye hospitali nane za miji minane duniani, kukawa na London, Toronto, Manila, New Delhi, na humohumo kukawa na Ifakara, kwa jirani zetu Tanzania. Matokeo yakachapishwa 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hamna kisu kipya hapo, hamna mkono mwepesi wala roboti. Watu waliulizana maswali kwa sauti, basi.

Kwa hio wale wa "daktari wetu huyo", mtoto wenu amefanya mazoezi ya kile kipande ambacho hata kwenye kipande chenyewe gemu imekidanganya.

Lakini hapa kuna mtu atainua mkono aseme, mbona tumesoma madaktari wanaocheza gemu wanapasua vizuri zaidi? Swali zuri, na jibu lake ndo lina utamu.

Kuna upasuaji wa kufungua, wakata pakubwa mkono unaingia. Na kuna upasuaji wa matundu: watoboa matundu madogo tumboni, moja inaingia kamera, mengine yanaingia vyombo vyembamba virefu, na daktari hatazami tumbo, yuwatazama tivii. Kujua ugumu wake chukua ule mtungi wa maji wa lita ishirini, tia zabibu ndani, sasa menya ganda la zabibu bila kuipasua kwa kutumia vijiti viwili virefu vilivyopita mdomoni mwa mtungi, na mtungi wenyewe usiutazame, tazama simu inayouchukua video. Tena kwa sababu kijiti kinazungukia pale tunduni, ukipeleka mkono kulia ncha inaenda kushoto, ukiinua inashuka. Ubongo unagoma. Watu wa umri wote unawagomea.

Sasa mtu aliyekulia kwenye gemu ameshazoea hilo, mkono unafanya huku, jicho linaona kule, na skrini haina kina. Mwaka 2007 daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, James Rosser, na wenzake walichapisha utafiti wa wapasuaji 33 pale New York. Waliokuwa wamewahi kucheza gemu zaidi ya masaa matatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 na walimaliza haraka zaidi kwa asilimia 27 kuliko wasiocheza kabisa, kwenye mazoezi ya upasuaji wa matundu. Vichwa vya habari vikaenda mbio, na mpaka leo kuna vijana pale Majengo kwenye vibanda vya PlayStation watakuambia "madaktari wenyewe wacheza" bila kujua wamelitoa wapi.

Shida ni yale ambayo vichwa vya habari viliyaacha nje. Walikuwa watu 33 tu. Walipimwa kwenye maboksi ya mazoezi, si kwa wagonjwa. Wote walikuwa madaktari tayari, miaka ya chuo ishawapita. Na utafiti wa aina hio hauwezi kukwambia gemu ndo ilitengeneza mikono, au wenye mikono mizuri ndo waliopenda gemu toka utotoni. Halafu lile ninalolipenda zaidi, gemu walizopewa siku ile ya kipimo hakuna hata moja ya upasuaji! Kulikuwa na Super Monkey Ball, unamviringisha nyani aliye ndani ya mpira asianguke, kulikuwa na ya mbio na ya kulenga shabaha. Kama ni mkono unaoutafutia, yule nyani ana kesi nzuri kuliko Surgeon Simulator, ambayo imetengenezwa makusudi mkono usikutii.

Simuleta za kweli zenyewe zina ushahidi mzito zaidi. Mwaka 2002 wataalamu wa chuo kikuu cha Yale kule Marekani waliwagawa madaktari wanafunzi, nusu wakafunzwa kwa simuleta ya kompyuta kabla ya kwenda kutoa nyongo za watu, wale waliofunzwa wakawa na kasi zaidi kwa asilimia 29 na makosa yao yakawa machache mno kuliko ya wenzao. Lakini ile haikuwa na Bob wala nyundo. Ilikuwa shika mpira, peleka pale, rudia, rudia tena mpaka ufikie kiwango cha mabingwa, na hakuna mtoto wa miaka kumi atakayeililia apewe simu.

Nije kwa wale wa "watatuchinja". Hofu yenu naielewa, damu ni damu hata ikiwa ya kuchorwa. Ila mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilipitia upya tafiti za gemu za ukatili kikasema hakuna ushahidi wa kutosha kuzifunga na vitendo vya ukatili vya kweli, ingawa walikuta uhusiano mdogo na vitu kama kufokeana na kusukumana. Na hapo walikuwa wakizungumzia gemu ambazo lengo ni kuua. Hizi lengo ni mgonjwa apone, japo yuwapona kwa miujiza.

Haimaanishi kila mtoto apewe. Mtoto wa miaka minne ambaye wiki ijayo yuwapelekwa kutolewa tonsili, wallahi usimuonyeshe mbavu zikivunjwa kwa nyundo, ataingia thieta akidhani ni hivyo. Huyo mwambie ukweli kwamba atalala, hatasikia, akiamka koo itauma kidogo na wewe utakuwa pale.

Na kama wasiwasi wako ni uraibu, hio si habari ya upasuaji, ni ya gemu zote. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, lakini masharti ni mazito: hawezi kujizuia, gemu imeshinda kila kitu chengine maishani, anaendelea japo inamharibia, na kawaida iwe imeenda kama miezi 12. Mtoto aliyekataa kuja kula mara moja kwa sababu Bob anakufa hajafika huko.

Pale pa kuangalia kwa jicho kali ni kwenye zile za bure. Zinajilipa kwa matangazo, na tangazo halichaguliwi na aliyetengeneza gemu ya kung'oa meno, waweza kumpa mtoto gemu ya paka mgonjwa akaletewa tangazo la kamari, na kwa Mombasa ya leo ambapo kubeti kumeshaingia kila barabara hilo mimi lanitisha kuliko mapafu ya Bob. Pia zina duka ndani, nunua mkasi wa dhahabu, nunua maisha matano. Kama simu yako imeunganishwa na kadi au M-Pesa kwenye Play Store, ingia kwenye mipangilio uweke iombe neno la siri kila ununuzi, isiwe mara moja tu. Na nyingi ya hizi gemu zafanya kazi data ikiwa imezimwa, kwa hio izime kabla hujampa simu, matangazo mengi yatapotea hapohapo na bando lako utalikuta.

Halafu kuna yule mmoja mmoja ambaye kweli ana hamu ya ndani ya mwili, si ya kucheka, utamjua kwa maswali yake, anauliza kwa nini damu haigandi mshipani, kwa nini figo ni mbili. Huyo ndo wa kuangalia, awe acheza gemu au hachezi. Akiwa mkubwa kidogo mpeleke Red Cross wana tawi hapa Mombasa na hufundisha huduma ya kwanza, afunge bendeji kwa mtu anayepumua. Na kabla ya hapo, Jumapili ukitoka kununua samaki usimwambie mwenye kuuza amtoe matumbo. Mlete changu mzima nyumbani, mpe kijana kisu kidogo na usimame naye, amfungue polepole akuonyeshe moyo uko wapi, matamvua, maini, na kile kifuko cha hewa. Akivumilia harufu mpaka mwisho na bado ana maswali, hapo tuzungumze habari ya udaktari, ila sinki aioshe yeye.